Naomba ushauri: hita ya gesi inazimika bafu la mwisho

Assalaam alaykum wakubwa na wadogo.

Nina nyumba ndogo ya wageni Jambiani. Kipupwe hiki wageni wanataka maji ya moto, na hita ya umeme inamaliza yuniti, nikafunga ile ya gesi isiyo na tangi, inayojiwasha maji yakipita. Bafu la karibu halina neno. La mwisho inawaka kidogo, inazimika, mgeni na povu lake kichwani.

Tangi liko juu ya mnara wa mita 3, yaani presha kama baa 0.3 tu. Maji ni ya kisima, na mnajua ya mwambani yalivyo na chokaa. Nimebadilisha betri, nimesafisha chujio, nimejaribu mtungi mwengine. Jikoni mtungi ule ule unawaka vizuri, kwa hivyo sidhani kama ni gesi.

Fundi mmoja anasema ninunue pampu ya presha. Mwengine anasema bomba la ndani ya hita limeziba kwa chokaa, lioshwe kwa siki. Nianze na lipi? Pampu si bei ya kubahatisha.

La pili, hita iko ukutani nje na upepo wa bahari unaila kutu. Fundi anataka kuihamishia bafuni. Mie sikubali: kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayoweza kutoka kwenye moto wa gesi, haina harufu na inaua. Kuna aliyejenga kibanda chenye matundu huko huko nje? Mmeacha nafasi kiasi gani ili moto upate hewa?