Naombeni ushauri: kesi ndogo ya zamani naifutaje? Kazi wanataka cheti cha polisi

Chalii wa Pasua
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, ni dereva, nimepata kazi ya kuendesha wageni kampuni moja ya utalii huko Arusha, kila kitu freshi, sasa wananiambia nilete cheti cha tabia njema kabla sijaanza. Shida nina kikesi cha 2014, nililipa faini yakaisha. Inafutwaje? Usingizi sipati. Matusi hapana tafadhali.

Mama Kevo
Pole kaka. Ila na nyie madereva wa watalii mpunguze mwendo, juzi mmoja katukosakosa pale Kikatiti na hata breki hakugusa.

Karani Mstaafu
Kijana, kesi ya nini? Mahakama gani? Ulikiri au ulikutwa na hatia baada ya ushahidi? Bila hayo tunapiga ramli.

Chalii wa Pasua
Ugomvi tu wa kifamilia mzee wangu.

Karani Mstaafu
Ugomvi juu ya nini?

Chalii wa Pasua
Haya. Wizi. Gunia mbili za kahawa za baba mdogo kule Kibosho, ila shamba lenyewe ni la babu kwahiyo mimi siiti wizi. Mahakama ya Mwanzo, wakili wangu akaniambia kiri tumalize. Fomu ya kazi nimeshajaza sijawahi kushtakiwa, ningejazaje sasa? Na kuna jamaa anafuta jina kwenye sistimu kwa laki tatu, nusu nimeshampa.

Meku Halisi
Kahawa ya baba mdogo?? Hiyo siyo ya polisi, hiyo ni ya mbuzi na mbege ukaombe radhi. Bro wangu alishika ng'ombe wa mjomba akauza, mpaka leo Desemba tukipanda nyumbani nyama anapewa wa mwisho.

Dada wa Sakina
Uingereza kuna sheria ya 1974, faini ikipita muda wake kwa kazi nyingi huulizwi tena. Huku kwetu mtu mmoja kosa moja mpaka kaburini.

Karani Mstaafu
Hiyo ni ya kwao. Kwetu hatia haifutiki kwa sababu tu miaka imepita. Rufaa kutoka Mwanzo kwenda Wilaya ni ndani ya siku 30, na ukikiri mwenyewe unapinga adhabu tu, hatia imeshakaa. Kuna msamaha wa Rais, Ibara ya 45 ya Katiba, ila ule wa 9 Desemba mnaousikia ni wa walioko gerezani. Na cheti kinaangalia alama za vidole, sasa huyo anayefuta jina anafuta nini? Omba cheti, unalipa kwa kontroo namba unaenda kuchukuliwa vidole, uone kinarudi na nini. Mwajiri mwambie wewe kabla hajaambiwa na karatasi.

Kisiki Kikavu
Chai hii. 2014 wakili gani aliingia Mahakama ya Mwanzo? Miaka hiyo mawakili walikuwa hawaruhusiwi kabisa. Na ID imefunguliwa jana.

Meku Halisi
Duh. Leteni vitumbua.

Dada wa Sakina
Nilijua tu. Na mimi nimepoteza bando langu.

Chalii wa Pasua
Siyo chai jamani! Ndani hakuingia, alikuwa anakaa nje kwenye benchi na mafaili yake, watu wote walikuwa wanamwita wakili. Nilimpa elfu hamsini akanielekeza cha kusema.

Mama Kevo
Na huyu wa laki tatu umemtoa wapi?

Chalii wa Pasua
Ndo huyo huyo.

Mama Kevo
Yesu wangu.

Karani Mstaafu
Kijana, hiyo nusu iliyobaki usimpe. Huyo ni kishoka.

Chalii wa Pasua
Mzee nakuheshimu, ila aliniambia faini itakuwa ndogo na kweli ikawa ndogo. Siyo muongo kihivyo. Amesema nikimalizia Ijumaa na fomu ya kazi ataishughulikia.

Kisiki Kikavu
Nafuta niliyosema. Hii mtu hawezi kutunga.