Tupeane uzoefu: kijana hana makaratasi, yuko Marekani, na sasa kapenda

Mbeba Boksi: Wakuu, uzi huu ni wa wenye vijana waliofika Marekani wadogo kwa viza ya matembezi, ikaisha wakabaki. Shule si tatizo: tangu 1982 Mahakama ya Juu imeamua kwamba mtoto hanyimwi shule ya msingi wala sekondari kwa kukosa makaratasi. Kizungumkuti huanza kwenye miaka 16, wenzake wakifuata leseni, yeye nyumbani anaambiwa "subiri kwanza". Na mapenzi nayo huja umri huo huo. Mwageni mnayoyajua, ila ya nyumbani kwako yaache nyumbani.

Bi Mkubwa wa Minnesota: Leseni inategemea jimbo. California wanatoa tangu 2015, huku kwetu tangu Oktoba 2023, Texas hapati. Huko asijitie ushujaa wa kumpeleka binti dansi ya kumaliza shule kwa gari la mjomba. Taa moja ya nyuma ikifa tu, anasimamishwa, na usiku umeishia kituoni. Binti aendeshe, aibu ya nini?

Mhesabieni na siku za kukaa bila kibali. Za kabla ya miaka 18 hazihesabiwi, akiitimiza, zinaanza. Akizidisha siku 180 kisha akatoka nchini, anafungiwa kurudi miaka 3. Akifikisha mwaka, miaka 10. Ile safari ya "naenda harusini Tanga narudi" ndiyo huwanasa.

Karani: Niongeze la ndoa, maana kila baraza utasikia "oa raia, yamekwisha". Nusu kweli. Aliyepita mbele ya afisa uwanja wa ndege na viza yake anaweza kuombewa grinikadi (kibali cha ukazi wa kudumu) na mwenza raia akiwa humo humo nchini, hata kama siku zilishapita. Ushahidi ni I-94, rekodi ya kuingia nchini, itafuteni sasa. Aliyevuka mpaka kwa kujificha, mlango huo kwa kawaida umefungwa. Kinachokwamisha wengi ni kipato: mwenza wa miaka 19 anayekaanga chipsi hafikii asilimia 125 ya kiwango cha umaskini inayotakiwa kwenye fomu ya udhamini, I-864. Atafutwe mdhamini wa pili, raia au mwenye grinikadi.

Tena ipo ndoa inayoharibu. Mzazi mwenye grinikadi akiwa amemwombea mwanawe, kijana akioa, ombi linakufa siku hiyo hiyo. Na ile njia ya grinikadi kupitia mahakama ya watoto, kwa waliotelekezwa na mzazi: aombe kabla ya miaka 21, awe hajaoa wala kuolewa.

Mbeba Boksi: Na kibarua anachotafutiwa dukani na huyo mpenzi wake?

Karani: Fomu I-9, mkuu, ile anayojaza kila anayeajiriwa. Kisanduku cha kwanza kabisa ni cha raia wa Marekani. Asikiguse! Kudai uraia wa uongo kunamfungia grinikadi, na ndoa haifuti.

Bi Mkubwa wa Minnesota: Kumwambia binti kwamba hana makaratasi ni ana kwa ana, si kwa meseji. Meseji hupigwa picha, wakigombana inatembea shule nzima.