Je, waandishi wa mwanzo wa riwaya za Haiti walihukumiwa kwa haki?

Msomaji_Riwaya:
Ndugu zangu, salaam. Riwaya ya kwanza ya Haiti, *Stella* ya Émeric Bergeaud, ilichapishwa Paris mwaka 1859, mwandishi akiwa amekwisha kufariki uhamishoni. Kwa muda mrefu wahakiki waliitaja kwa ajili ya umri wake tu, wakaiona kuwa ni mwigo wa Kifaransa. Je, hukumu hiyo ingali na mashiko?

Mhakiki_Mkongwe:
Hukumu ile ina chimbuko lake. Marekani ilipoikalia Haiti kuanzia mwaka 1915 hadi 1934, wasomi walilazimika kujitazama upya, na mwaka 1928 mwanazuoni wa Haiti Jean Price-Mars, katika kitabu chake *Ainsi parla l'oncle*, akawashutumu wenzake kwa kujiona Wafaransa wenye rangi huku wakizipa kisogo ngano, vodou (dini yao yenye asili ya Afrika) na lugha ya wakulima wao. Kwa kipimo hicho, mwandishi Demesvar Delorme, aliyeiweka riwaya yake *Francesca* (1872) huko Ulaya, hakuwa na pa kujitetea. Binafsi naona alistahili.

Mtambaji:
Kwa Delorme nakubali, ila kipimo hicho kimewafunika wengi wasiohusika. Antoine Innocent alitoa *Mimola* mwaka 1906, miaka 22 kabla ya kitabu cha Price-Mars, na humo binti mgonjwa hapati nafuu mpaka jamaa yake irejee kwenye mizimu ya wahenga. Mwaka huohuo Justin Lhérisson, ambaye ndiye pia aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa, alimwandika Zoune, mtoto wa shamba anayepelekwa Port-au-Prince kwa mama yake wa ubatizo, ambako kulelewa kunageuka kuwa utumishi. Kifaransa cha Lhérisson kimechanganyika na Kikrioli, lugha ya watu wa kawaida wa Haiti, kama watu wanavyozungumza. Baadaye mwandishi wa Haiti Georges Anglade alisisitiza kuwa Lhérisson asomwe kama mtunzi wa lodyans, yaani masimulizi ya barazani yenye kejeli; ukimsoma hivyo, kule kuchepuka kwake kila mara, kulikohesabiwa kuwa udhaifu wa msuko, ni ufundi wa msimulizi anayejua wasikilizaji wake wamekaa mbele yake.

Msomaji_Riwaya:
Nashukuru. Na Bergeaud je?

Mtambaji:
Tangu tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2015, amepata wasomaji wapya. Mashujaa wake ni ndugu wawili wa mama mmoja Mwafrika, Romulus aliye mweusi na Rémus aliye chotara, na ndani yao amewakusanya viongozi halisi wa mapinduzi ya Haiti dhidi ya utumwa na utawala wa Wafaransa, Toussaint na Dessalines upande mmoja, Rigaud na Pétion upande wa pili. Ni istiari nzito mno, hilo sikatai. Hata hivyo, alikuwa akipigania nani ayasimulie mapinduzi, wakati ambapo Wazungu wengi waliyaeleza kama umwagaji damu mtupu. Ninachomlaumu ni kingine: undugu anaouhubiri unafanya ubaguzi wa matabaka ya rangi uonekane kama ugomvi wa watoto wa nyumba moja, na Stella mwenyewe, mwanamke wa riwayani anayesimama badala ya Uhuru, hana haja wala hofu ya kibinadamu.