Msaada: 2-AG inatoa vilele viwili, na inaongezeka ubongo wa panya ukichelewa kugandishwa

Mzamili_Biokemia

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nasoma shahada ya uzamili katika biokemia, na utafiti wangu unahusu kanabinoidi (molekuli zinazoamsha vipokezi vilevile vinavyoamshwa na bangi) ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, yaani anandamaidi na 2-arakidonoiligliseroli, ambayo kwa kifupi huitwa 2-AG. Napima viwango vya molekuli hizi mbili katika ubongo wa panya kwa kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha molekuli, iliyounganishwa na spektrometa ya masi, inayozitambua kwa uzito. Anandamaidi hainisumbui, kwani hutoka kama kilele kimoja chembamba. Inayonitatiza ni 2-AG, ambayo hutoa vilele viwili vilivyobanana, vyote vikiwa na ioni ya 379 na vyote vikivunjika kutoa kipande kilekile cha 287.

La pili linanishangaza zaidi. Ubongo uliochelewa dakika chache kabla ya kugandishwa hutoa 2-AG nyingi kuliko uliogandishwa papo hapo, ilhali panya wote ni wa kundi moja na hawakupewa dawa yoyote. Nilitarajia ipungue kadiri sampuli inavyokaa, kwa sababu vitabu vyote vinasema molekuli hii huvunjwa upesi sana. Je, kilele cha pili ni uchafu? Na katika kuripoti, ni kiwango kipi nikichukulie kuwa ndicho cha kweli?

Natanguliza shukrani.

Mtaalamu_wa_Maabara

Ndugu Mzamili, kilele cha pili si uchafu, ni 1-AG, yaani 2-AG iliyojipanga upya. Katika 2-AG, asidi ya arakidoniki imeshikamana na kaboni ya katikati ya gliseroli, mahali ambapo haitulii. Taratibu huhamia kaboni ya pembeni, na kwa kuwa hakuna atomu iliyoongezeka wala kupungua, spektrometa haina namna ya kuzitofautisha kwa uzito. Kinachozitenganisha ni safu ya kromatografia peke yake, na katika safu za kawaida za C18 utaona 2-AG ikitangulia na 1-AG ikifuata nyuma yake. Anandamaidi imesalimika kwa sababu asidi hiyohiyo imefungwa kwenye ethanolamini kwa kifungo cha amaidi, ambacho hakihami katika mazingira ya kawaida ya maabara.

Jambo la kuchunguza ni wapi uhamaji huo unatokea. Weka kipimo cha ndani, yaani 2-AG yenye deuteri (hidrojeni nzito) ya kiasi unachokijua, tangu mwanzo kabisa, wakati tishu ingali imeganda na kabla hujaisaga. Kipimo hicho nacho kikitoa vilele viwili, ujue uhamaji umetokea mikononi mwako, wakati wa kuchuja, kukausha au kusubiri. Joto na alkali huuharakisha. Maabara kadhaa hutumia tolueni kutoa lipidi hizi kwenye tishu badala ya vimumunyishi vyenye maji au alkoholi, na hilo husaidia. Usiache dondoo lililokaushwa likae mezani kusubiri zamu ya mashine. Lirudishe kwenye kimumunyishi na ulitie kwenye baridi. Vilevile usikubali tishu iyeyuke hata kidogo: isage juu ya barafu kavu, uipime ingali unga mkavu, kisha ndipo uitie kwenye kimumunyishi baridi.

Katika kuripoti, watafiti wengi hujumlisha 1-AG na 2-AG na kueleza wazi kwamba wamejumlisha. Hilo linakubalika. Kisichokubalika ni kuhesabu kilele cha kwanza na kukinyamazia cha pili, kwa sababu uwiano wao hubadilika siku hadi siku na tofauti hiyo inaweza kuonekana kama matokeo ya jaribio.

Mwalimu_Fiziolojia

Naongezea juu ya swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito, na kipimo cha ndani hakiwezi kulitatua kwa kuwa mabadiliko yanatokea kabla hakijatiwa.

Vipitishi vya kawaida vya neva, kama glutamati, hutengenezwa mapema na kuwekwa akiba katika vifuko. Kanabinoidi za mwili hazina akiba ya namna hiyo. Ni mafuta, hupita kwenye utando, na hakuna kifuko kingeweza kuzizuia. Kinachowekwa akiba ni malighafi, yaani fosfolipidi za utando wenyewe. Kalsiamu inapopanda ndani ya niuroni, au vipokezi fulani vinapoamshwa, fosfolipasi C hukata fosfolipidi na kutoa diasiligliseroli, kisha kimeng'enya cha DAGL hukata diasiligliseroli na kutoa 2-AG. Molekuli hiyo husafiri kinyumenyume, kutoka niuroni inayopokea ujumbe kwenda kwa ile iliyoutuma, na huko hukutana na kipokezi cha CB1, ambacho hupunguza utoaji wa vipitishi. Safari hii ya kurudi nyuma ilithibitishwa mwaka 2001 na makundi matatu yaliyofanya kazi kila moja kivyake, huko San Francisco, Harvard na Kanazawa. Panya walioondolewa jeni ya DAGL-alfa, aina mojawapo ya DAGL, walipochunguzwa mwaka 2010, ishara hiyo ilikuwa imetoweka.

Sasa fikiri kinachoupata ubongo uliokatiwa damu. Oksijeni inakwisha, pampu za ioni zinasimama, kalsiamu inafurika ndani ya seli, na vimeng'enya vyote nilivyovitaja vinapata amri ya kufanya kazi. Uvunjaji wa 2-AG unaendelea, ndiyo, lakini uzalishaji unaushinda. Kwa hiyo ongezeko unaloliona ni halisi kabisa. Lilitengenezwa na ubongo baada ya panya kufa. Anandamaidi nayo huongezeka baada ya kifo, ila polepole zaidi, na ndiyo maana hukuigundua katika dakika zako chache. Watafiti wenye kifaa maalumu hulenga mawimbi ya mikrowevu kichwani mwa panya ili vimeng'enya viharibike kwa joto mara moja, na viwango vya 2-AG wanavyopata huwa chini sana. Usipokuwa na kifaa hicho, gandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, tumia muda uleule kwa kila panya, na uuandike kwa sekunde.

Kiwango cha kweli kwa maana uliyoitumia, ndugu yangu, hakipo katika tishu iliyosagwa. Ubongo una 2-AG zaidi ya mara 100 ya anandamaidi, na sehemu kubwa yake si ishara hata kidogo: iko njiani katika uchumi wa kawaida wa lipidi za seli. Nambari yako ni jumla ya vyote viwili, 2-AG ya ishara na hiyo iliyo njiani.

Mfamasia_Mtafiti

Hilo la mwisho alilosema Mwalimu lina uzito mkubwa kwa upande wa dawa. Kimeng'enya cha MAGL huvunja takribani asilimia 85 ya 2-AG katika ubongo wa panya, na kinachotoka ni gliseroli na asidi ya arakidoniki. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba asidi ya arakidoniki inayotengeneza prostaglandini hutolewa kwenye utando na kimeng'enya kingine, fosfolipasi A2. Mwaka 2011 ikaonyeshwa kwamba panya wakizuiwa MAGL, 2-AG hupanda na prostaglandini za ubongo hushuka, na vivyo hivyo katika ini na mapafu. Utumbo ndio ulioendelea kutegemea fosfolipasi A2. Maana yake ni kwamba molekuli unayoipima ni ishara yenyewe na papo hapo ni malighafi ya ishara za homa na uvimbe. Nakushauri upime asidi ya arakidoniki na prostaglandini E2 katika dondoo hilohilo, kwa sababu 2-AG pekee haitakuambia kama uzalishaji umeongezeka au uvunjaji umepungua.

Ukija kutumia kizuizi cha MAGL, tenga dozi moja na dozi za siku nyingi. Kizuizi kikitumika mfululizo, vipokezi vya CB1 hupungua na kuzoea, na nafuu ya maumivu hutoweka. Aidha, usiamini jina la kizuizi. Kipime dhidi ya vimeng'enya vingine vya jamii ileile. Mwezi Januari 2016 huko Rennes, Ufaransa, mtu mmoja aliyejitolea katika jaribio la BIA 10-2474, kizuizi cha kimeng'enya cha FAAH kinachovunja anandamaidi, alifariki na wenzake kadhaa wakalazwa. Mwaka uliofuata ilichapishwa kwamba dutu hiyo iligusa pia lipasi (vimeng'enya vinavyovunja mafuta) nyingine kadhaa, jambo ambalo vizuizi vingine vya FAAH vilivyokwisha jaribiwa kwa watu havikuwa nalo.

Mzamili_Biokemia

Nawashukuru sana wakuu. Je, zile sampuli zilizochelewa nizitupe?

Mwalimu_Fiziolojia

Usizitupe. Ziondoe kwenye ulinganisho wako mkuu, kisha panga 2-AG, 1-AG na asidi ya arakidoniki kwa sekunde zilizopita kabla ya kugandisha, uchore grafu moja. Mtahini wako atauliza swali hilohilo ulilotuuliza hapa, na grafu hiyo ndiyo itakayomjibu.