Naomba ushauri: wiki moja ya kujifunza kuendesha boti la tanga Shelisheli, niende Julai au nianzie hapahapa Tanga?

Mkazi wa Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo, hasa nyie mnaoijua bahari, si kama mimi ninayeitazama tu kutoka Raskazone.

Tuko wanne, marafiki wa tangu shule. Tumekuwa tukiweka akiba ya pamoja, na mwenzetu mmoja kaleta tangazo la likizo ya wiki moja Shelisheli. Mnalala ndani ya boti la tanga, mnaanzia Mahé, mnapita Praslin, La Digue na Curieuse, huku mwalimu akiwafundisha. Tangazo linadai hata asiyejua kitu atashuka akiwa nahodha wa kujitegemea. Likizo zetu zimeangukia Julai. Visa haihitajiki, wanataka tu kibali cha kusafiri unachoomba mtandaoni kabla ya kuondoka.

Je, wiki inatosha kweli? Julai bahari ikoje kule? Halafu kuogelea kwangu ni kwa kuungaunga, mguu ukikosa chini natafuta wa kumshika. Mke wangu anauliza kwa nini nilipe fedha zote hizo kufuata upepo wakati hapa umejaa tele. Mpaka leo sijamjibu.

Mpemba wa Ngamiani
Shemeji kashinda. Uzi ufungwe.

Mzee wa Kigombe
Mwanangu, Julai ni kusi, na kusi halina mzaha. Hapa kwetu alfajiri umande, upepo wa kutoka bara, unawatoa wavuvi, mchana upepo wa bahari unawarudisha. Lakini kusi likikaza, ngalawa hazivuki nje ya miamba. Shelisheli ni kusi hilohilo, kwao linavuma kutoka kusini mashariki, Mei hadi Oktoba, na Julai na Agosti ndipo linapokaza zaidi. Kutoka Mahé hadi Praslin ni kilomita arobaini na kitu za maji ya wazi. Mtakuwa mnatapika kwa zamu, na anayetapika hafundishiki.

Kabla hujalipa, nenda pwani ya Sahare au ya Deep Sea, mtafute nahodha wa ngalawa mwenye heshima zake, umlipe siku yake. Mwambie akushikishe demani, kamba ya kuvutia tanga. Ukiilegeza mno, tanga linapigapiga. Ukiivuta kupita kiasi, chombo kinalala na mwendo unapotea. Tazama mrengu, ule ubao wa pembeni, wa upande wa joshi, unakotoka upepo, unavyoinuka na baharia anavyoukalia kuushusha. Mkono wako ukishayajua hayo, tanga lolote utalielewa.

Binti Sahare
Shikamoo mzee. Kwenye demani sina ubishi. Ila mimi nimesoma kozi ya namna hiyo kulekule Shelisheli, na yapo mambo ambayo ngalawa haikupi: kusoma ramani ya bahari, kupanga safari kwa dira, kuingiza boti kubwa gatini kwa injini bila kumgonga jirani, kutia nanga usiangukie matumbawe. Na zoezi la mtu kuanguka majini! Mwalimu anatupa boya bila kukuambia, unabaki na kazi ya kugeuza chombo na kulirudia. Mnalirudia mpaka mnamchukia mwalimu.

Hata kugeuza chombo ni tofauti. Jahazi likibadili upande, tezi, yaani nyuma, ndiyo inayopita kwenye upepo, na foromali, mti unaobeba tanga, inahamishwa mbele ya mlingoti. Boti hizi za kisasa mnapitisha omo, yaani mbele, na ule mti wa chini ya tanga unafagia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kaka, kichwa chini kila ukisikia amri.

Uliza pia ni boti la namna gani. Katamarani, ile ya matumbo mawili, ni pana na hailali upande, kwa familia ni raha. Lakini ukikosea demani haikuambii upesi. La tumbo moja linakuambia papo hapo. Ningekuwa nyie ningechukua hilo, vyumba vidogo tungevumilia.

Baharia wa Watalii
Nafanya kazi kwenye boti za kukodi. Hilo la "nahodha wa kujitegemea" ndilo linalonitia shaka. Chukua mfumo wa RYA, chama cha Uingereza cha waendesha boti, ambao shule nyingi duniani zinaufuata. Anayeanza bila kujua kitu anasoma Competent Crew, siku tano, na anatoka akiwa baharia msaidizi wa kutegemewa: anashika usukani, anajua mafundo, anakunja tanga, anapokea amri. Ngazi ya nahodha, Day Skipper, nayo ni siku tano, ila unatakiwa uje na siku tano za bahari, maili 100 za baharini na saa nne za usiku, pamoja na nadharia kichwani. Anayekuahidi yote hayo kwa wiki moja kutoka sifuri, mwambie akuandikie jina la cheti na nani anakitoa.

Wengine wanauza safari ya starehe na kuipachika jina la mafunzo. Nahodha anaendesha, nyie mnapiga picha, siku ya mwisho mnashikishwa usukani dakika kumi. Uliza mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi. RYA hawaruhusu zaidi ya watano, kwa hiyo nyie wanne mko sawa. Uliza chakula, mafuta, ada za hifadhi na dhamana ya boti (fedha ya kufidia likiharibika) vimo kwenye bei au la. Dhamana ndiyo inayouma.

Mama Zena
Mbona kuogelea mnakupita? Mdogo wangu, jaketi okozi utavaa, lakini mwenye hofu ya maji akili yake yote inakuwa kwenye hofu. Nenda Raskazone maji yakiwa yamejaa, utafute mtu wa kukufundisha kuelea chali, kabla hata ya kurusha mikono. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kupanda chombo. Ukingoja uanze kutapika, tumbo halikai nayo.

Mkazi wa Chumbageni
Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimewasomea wenzangu. Wawili wanaweza kusogeza likizo, mmoja kazini kwake wamegoma. Tukihamia Novemba itakuwaje?

Binti Sahare
Novemba upepo unakuwa mwepesi, kama ilivyo Aprili, mtasafiri kwa injini zaidi ya tanga. Oktoba bora, kusi linakuwa limeanza kulegea na bado linasukuma. Ila usijisahau na maji. Kule kupwa na kujaa hakufiki hata mita mbili. Hapa Tanga, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, inapita mita tatu. Ukirudi na cheti chako, usije ukatia nanga karibu na kisiwa cha Toten maji yamejaa ukaenda kula.

Mzee wa Kigombe
Hilo kasema kweli. Tumewaona wenye vyeti wamekaa kwenye matope wakisubiri maji.

Mkazi wa Chumbageni
Basi naanza na kuelea. Tangazo nimelijibu, nimeuliza jina la cheti, aina ya boti na dhamana. Mzee, huyo nahodha wa Sahare ana siku gani nzuri? Na nije na wenzangu wote, au ngalawa haitatubeba?

Mzee wa Kigombe
Wawili wawili. Njooni siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo, mkondo hauna nguvu. Saa kumi na mbili asubuhi muwe pwani, umande haumngoji mtu anywe chai. Na shemeji mje naye, huenda akashika demani kukuzidi.