Tupeane uzoefu: serikali ilipoingiza mkono kwenye biashara 2020, wewe ilikukuta vipi?

MamaChapo
Habari zenu wadau. Mwaka ule wa korona uchumi wetu hapa Kenya ulirudi nyuma kwa 0.3%, na serikali ikatangaza mengi kwa mkupuo. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ilishuka kutoka 16% hadi 14%, kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka 3% hadi 1%.

Mimi nina kibanda cha chakula karibu na soko la Muthurwa, Nairobi, na hayo ya kodi hayakunifikia. Kilichonishika mkono ni ile ya kutuma pesa kwa simu bila ada, kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Makanga na vijana wa mikokoteni walikuwa wakilipia chapati na madondo kwa simu wakiwa bado wamesimama. Jioni nilikuta pesa ya unga imekaa pamoja, haijapotea kwenye sarafu. Lakini kafyu ya saa moja jioni ilinimaliza, kwa sababu chakula cha usiku ndicho kilikuwa faida yangu. Nyinyi je?

Beli_Moja
Pole dada. Mimi niko Gikomba, nguo za watoto. Machi 2020 mitumba ilizuiwa kuingia nchini, marufuku ikaondolewa Agosti. Kamera, yaani zile nguo za daraja la juu, ziliisha mwezi wa tano. Nikabaki na fagia, zile tulizokuwa tunamwaga chini jioni kwa bei ya kutupa. Niliziloweka usiku, nikashona vifungo kimoja kimoja, nikazitundika mbele kama nguo za daraja la kwanza. Hofu ya ugonjwa naielewa kabisa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna aliyekuja sokoni kutuuliza tutakula nini hiyo miezi.

DukaEastleigh
Wa kwangu ulikuwa mkopo. Benki Kuu iliruhusu waliokuwa wanalipa vizuri kufikia tarehe 2 Machi waongezewe muda. Nilikwenda benki yangu, nikapewa miezi sita ya kupumzika, nikatoka nikimshukuru Mungu. Riba iliendelea kuhesabiwa, na hilo sikuelezwa. Nililiona kwenye karatasi baadaye. Halafu Mei mtaa wetu ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, karibu mwezi mzima. Wateja wangu wengi ni wa kutoka nje ya Nairobi. Shehena nzima ya mapazia ilikaa dukani, mimi nahesabu siku.

Fundi_Kariobangi
Nina vijana wanne wa kuchomelea mageti. Wote walikuwa chini ya shilingi 24,000 kwa mwezi, kwa hiyo PAYE yao (kodi inayokatwa kwenye mshahara) iliondolewa yote. Ni pesa waliyoiona kwa macho. Shida ni kwamba mageti yenyewe hayakuwa yanaagizwa, nikalazimika kuwaita kwa zamu, wawili wawili.

MamaChapo
Ndugu wa Eastleigh, huo mkopo ulikuja kuumaliza? Na Beli, ile stoo yako bado unayo?

Beli_Moja
Stoo niliiachia Julai. Sasa nauzia kwenye meza.