Detekta ya dhahabu GPX 5000 inapiga kelele kwenye udongo mwekundu wa Chunya, niiseti vipi?

Korongo la Chini: Wakuu, habari za kazi. Niko Chunya upande wa Makongolosi, natumia GPX 5000 na koili (ile sahani ya chini) ya monoloop, yaani yenye mzingo mmoja wa waya, ya inchi 11. Kule kwenye mchanga wa korongo mashine ilikuwa imetulia kabisa, hata punje ndogo naisikia. Sasa nimehamia kilimani, udongo mwekundu wenye kokoto nyeusi, na haikai kimya: nikiipeleka kushoto inaguna, nikiirudisha kulia inaguna. Nikipunguza nguvu inanyamaza, ila nina wasiwasi napita juu ya mali. Mwenye uzoefu na udongo huu anielekeze.

Mzee wa Lupa: Mkuu, hicho unachosikia ni chuma cha ardhini. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, iburuze kwenye vumbi hapo ulipo. Itatoka imejaa unga mweusi. Detekta inapiga mawimbi ya sumaku chini na kusikiliza kinachorudi, na huo unga nao unajibu.

Kwanza angalia timing, yaani mpangilio wa mapigo unaouchagua kulingana na udongo. Kama bado uko Normal, ile ni ya ardhi tulivu kama korongo lako. Weka Enhance. Ukiona unatafuta vipande vidogo vya juujuu, jaribu Fine Gold. Halafu sawazisha mashine na udongo upya, na hapa wengi wanaharakisha. Tafuta sehemu isiyo na mlio wa chuma kilichofukiwa. Bonyeza kitufe cha kwenye mpini, inua koili mpaka karibu na goti, ishushe hadi ikaribie kugusa udongo, irudishe juu, taratibu, koili ikiwa imelala sawa na ardhi. Endelea mpaka ule mlio wa msingi, unaosikika muda wote, ubaki uleule juu na chini. Ukiachia kitufe na bado unapanda koili inaposhuka, rudia.

Kuhusu nguvu: punguza Rx Gain (nguvu ya kupokea) bila woga. Mashine inayopiga kelele haina kina, kwa sababu mlio wa dhahabu ya chini ni mdogo na unamezwa na fujo. Bora kina kidogo unachokisikia vizuri.

Fundi Koili: Naongezea hapo kwa Mzee. Monoloop inashuka zaidi, lakini kwenye udongo wa chuma ndiyo inayolalamika zaidi. Kama una Double-D (koili yenye mizingo miwili ya umbo la D) ifunge, na usisahau kugeuza swichi ya koili ilingane nayo. Kama huna, hata monoloop ndogo inasaidia kwa kuwa inaona udongo mchache kwa wakati mmoja.

Na hizo kelele, zinakuja ukiwa umeishika koili hewani bila kuitembeza? Kama ndiyo, siyo udongo. Ni waya wa umeme, simu mfukoni, au mwenzako mwenye detekta karibu. Hapo endesha Auto Tune, mashine ijitafutie masafa yenye kelele chache, na mkae mbali mbali.

Korongo la Chini: Hewani imetulia, kwa hiyo ni udongo. Nimeweka Enhance na kusawazisha kama alivyosema Mzee, kuguna kumepungua sana. Kilichobaki ni milio ya hapa na pale, nachimba natoa jiwe jeusi tu.

Dada wa Itumbi: Hayo ni mawe ya chuma, kaka. Kabla hujashika sururu, sogeza udongo wa juu kwa mguu (kama viatu vyako havina chuma), upitishe koili tena. Mlio ukihama na kijiwe, kiokote ukipime pembeni. Pita pia kutoka pande mbili, kaskazini–kusini halafu mashariki–magharibi. Dhahabu kwa kawaida inalia palepale, mawe mengi yanalia upande mmoja na kufifia upande wa pili. Hata hivyo ukiwa na shaka chimba, hasa huku Lupa, kwenye eneo letu la dhahabu la Chunya. Dhahabu ya hapa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, kwa hiyo misumari na makopo ya zamani utayatoa sana kabla ya kufika kwenye kitu cha maana.

Jambo lingine: fukia kipande kidogo cha risasi, kama chubwi ya ndoano, kwenye udongo huohuo. Kipitie kwa kila timing. Risasi inajibu karibu sawa na dhahabu, na utajua mwenyewe ipi inakusikilizisha vizuri kilimani hapo.

Mpenda Rukwa: Na sisi wa karibu na Ziwa Rukwa? Udongo wetu ni mweupe, una magadi, na ukilowa mashine inalia kila mahali ingawa sumaku haitoki na kitu.

Mzee wa Lupa: Hiyo ni chumvi, inapitisha umeme ikilowa. Kusawazisha peke yake hakutoshi. Tumia timing za Salt na Double-D, inua koili kidogo kutoka ardhini, na ukiweza subiri udongo ukauke. Usitegemee punje ndogo kwenye Salt, zile zinapotea. Na nyote wawili, mvua ikinyesha sawazisheni upya hata kama hamjahama eneo.